Mshumaa wa pinki

"Mwache mama yako, amechoka."

Maneno manne. Tangu Jumapili nayapika na kuyapakua.

Tulikuwa tumelizunguka shada la Majilio, lile la mishumaa minne ya kuhesabu Jumapili za kungoja Krismasi: mimi, baba Neema, Neema na bibi yake. Mishumaa miwili ya zambarau ilishawaka, ule wa kwanza umebaki kama kidole gumba, nta imemwagikia majani. Neema akapewa kiberiti auwashe wa tatu, akasita. "Mama, mbona huu peke yake ni wa pinki?" Nami bila hata kumeza mate: "Ya zambarau iliisha dukani."

Kimya. Kisha mama mkwe, kwa upole wake ule mnaoujua, akamwambia mtoto maneno hayo.

Sikuwa nimechoka, sikuwa najua! Naye alijua kwamba sijui, ndiyo maana akanisitiri, na kusitiriwa huko kunaniuma kuliko angenisema. Miaka minane ndani ya ukoo wa Kikatoliki! Nami sikuzaliwa Mkatoliki. Kanisani kwetu pambo lilikuwa maua na kitambaa cha madhabahuni, basi.

Jumatano baba yangu karuhusiwa kutoka hospitali, Alhamisi nikapewa barua ya kuthibitishwa kazini. Nimeishika barua mkononi, kichwani ni "amechoka".

Usiku wa jana nikaamua kusoma. Kwanza nikacheka peke yangu, maana shada lenyewe lilianza kwa Mlutheri! Johann Hinrich Wichern, huko Hamburg, mwaka 1839, akiwa na nyumba ya kulelea watoto maskini. Watoto hawakuacha kumuuliza Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: midogo myekundu ya siku za wiki, mikubwa minne myeupe ya Jumapili. Wakatoliki walilipokea baadaye sana, karne ya 20. Nikatamani kumwamsha mama mkwe. (Sikumwamsha. Akili kidogo ninayo.)

Ila pinki ni yao, hapo sina ujanja. Zambarau ni toba na kungoja. Dominika ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, na siku yenyewe huitwa Gaudete, Kilatini cha "furahini", kutoka waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Nikaufungua waraka. Paulo anaandika akiwa kifungoni, minyororo yake anaitaja mwenyewe sura ya kwanza. Kicheko kikakata. Anayewaambia wenzake wafurahi hajafunguliwa bado, na mshumaa wake unawashwa wa nne haujaguswa, Krismasi haijafika.

Sisi nasi Jumapili ile baba yangu alikuwa wodini, na daktari alikuwa hajatuambia lolote. Nilikuwa nimekesha naye siku tatu. Sasa nikilirudia lile neno, sauti ya mama mkwe naisikia vingine kabisa. Huenda alimaanisha nimechoka, basi.

Asubuhi nikamwita Neema nirekebishe uongo wangu. "Ule mshumaa, mwanangu, si kwamba ya zambarau iliisha..."

"Najua. Bibi alishaniambia siku ile ile, jikoni. Akasema nisikwambie."