Injini ya boti ya mtumba ilikuwa ikizima ziwani: jinsi nilivyotatua

Jana nimetoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria pale Kisumu, na kurudi bila injini kuzima hata mara moja, kwa hiyo naandika kabla sijasahau.

Injini ni ya mtumba, nguvu farasi 15. Tangi na mpira wa mafuta nilinunua kando, navyo mitumba. Inawaka vizuri, inakwenda kama dakika kumi, kisha inaishiwa nguvu na kuzima. Ukingoja kidogo, inawaka tena.

Nilibadilisha plagi. Fundi akasafisha kabureta. Nikamwaga petroli yote na kuchanganya nyingine na oili. Wapi!

Juzi ilizima karibu na magugumaji. Mvuvi mzee niliyekuwa naye akashika kile kipira cha kubonyeza kilicho kwenye mpira wa mafuta. Kilikuwa bapa kama chapati. "Legeza kifuniko cha tangi, mwanangu." Nikalegeza, kikavuta hewa fsss, na kipira kikajaa mkononi mwake.

Tangi halikuwa likipumua: hewa haikuingia kushika nafasi ya petroli inayotoka, kwa hiyo petroli ilikwama isifike kwenye injini. Skrubu ya hewa juu ya kifuniko nilikuwa naifungua kila safari, ila tundu lililo chini yake lilizibwa na rangi iliyokauka. Nikalizibua kwa sindano, nikakiosha kifuniko kwa petroli. Basi.

Ukinunua tangi la mtumba, fungua skrubu hiyo upulize kwa mdomo papo hapo, hewa ipite. Na injini ikizima, shika kipira kwanza. Kikiwa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi, usiguse kabureta.