Sofa ya siti saba

Fundi alipima mlango, akapima sofa, akarudia mlango tena, halafu akaniambia polepole, "Mwalimu, hii haiingii. Labda tukate mkono." Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi, kanta iko hapo chini dereva anataka kwenda kubeba mzigo mwingine, na sisi tumebanana kwa ngazi orofa ya tatu na ile kubwa ya watu watatu imesimama wima kama mgonjwa. Nikamwambia akate. Nilienda kusimama jikoni ndo nisione lakini msumeno niliusikia.

Hiyo seti wamama wa chama ndo walininunulia nikiolewa 2014. Siti saba, ile kubwa, ya wawili, na mbili za mtu mmoja mmoja. Wenye wamekulia huku wanajua maana yake, ukiwa na siti saba watu wanajua hapo kwenu mgeni akija hakai kwa kiti cha plastiki. Sasa kwa hii nyumba mpya zimeingia mbili tu, hiyo ya mkono uliopigiliwa misumari na ya wawili. Zile ndogo tukapeleka kwa dada yangu Lanet, hapa hapa Nakuru, atuwekee.

Hii ni nyumba ya tatu miaka sita. Mtaa wa Section 58 tulikuwa na bedrum tatu, geti, kamba za nguo, Wanja anaendesha baiskeli kwa kompaundi mpaka giza liingie, kodi elfu 24. Nakuru ikafanywa jiji Desemba 2021 na mwaka uliofuata mwenye nyumba akatuma mesej ati kodi sasa ni 30 juu tuko jiji. Paa bado lilikuwa linavuja palepale. Tukaenda Free Area bedrum mbili, 18, nayo ikapanda. Sai tuko Pipeline, bedrum moja, na watoto wawili wanalala sitting rum.

Na hakuna mtu alifutwa kazi! Hiyo ndo nataka watu waelewe. Ukisema umehamia bedrum moja mtu anainamisha sauti anakuuliza baba Wanja yuko sawa? Yuko sawa, bado yuko hadwea alikokuwa, mimi bado nafundisha. Mshahara umeongezwa kidogo kidogo kwa karatasi, lakini yenye inafika mkononi ndo hiyo hiyo na inanunua kidogo. Wacha nitoe peislipu. Pensheni tulianza kukatwa 2021 asilimia 2, ikaenda 5, sai ni 7.5 ya mshahara wa msingi. Bima ya afya asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Halafu ushuru wa nyumba, ule serikali inakata ijenge nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wote hata marupurupu, yaani kwa kila elfu 60 inaenda mia tisa kila mwezi, na mwajiri anaweka nyingine kama hiyo. Kabla sijagusa kodi ya serikali, sako (chama cha akiba na mikopo), na ada ya Wanja.

Sikatai nyumba zijengwe, zijengwe nyingi hata. Zile za serikali za Bondeni nazipita kila nikienda soko, ni nzuri. Shida yangu ni vile sheria ya hizo nyumba ya 2024 imepanga watu kwa mshahara wa mwezi. Ukipata chini ya elfu 20 kuna zako. Kutoka 20 mpaka 149 mko kapu moja. Sasa mimi na kijana wa duka anapata 22 na meneja wa 140 tunagombania nyumba moja, na kwanza lazima uwe na dipoziti, na dipoziti inawekwa na mtu amebaki na kitu baada ya kulipa kodi ya nyumba. Huyo meneja atabaki nacho. Sisi tunachanga tu.

Benki ndo usiniambie. Benki Kuu ilihesabu mikopo ya nyumba nchi nzima mwisho wa 2023 ikapata kama elfu 30 hivi. Nchi nzima. Na sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47 na zaidi, na huku mijini zaidi ya robo tatu ya kaya zinapanga.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa praimari. Praimari, mshahara mdogo kuliko wangu. Alichukua loni ya sako akanunua ploti ya futi hamsini kwa mia Kiamunyi wakati huko kulikuwa mahindi tu, mwaka mmoja akamwaga msingi, mwaka mwingine kuta, mabati yakaja baadaye sana na tulihamia madirisha yakiwa ya gunia. Hakuwa na akili kunishinda wala hakuwa anajinyima kunishinda, nilimwona akinunua redio. Ploti kama hiyo sai ni mamilioni, na hiyo sako inanipa loni mara tatu ya akiba yangu, na hiyo haifiki hata nusu ya bei.

Halafu nyumba ya bei ya chini inakulipisha kwa njia zingine. Huku tunatumia maji ya kisima cha ploti na meno ya watoto wa Nakuru mnayajua, yana madoa juu ya floraidi ya maji, kwa hivyo ya kunywa nanunua kwa mitungi. Nauli imeongezeka, Section 58 nilikuwa natembea mpaka shule. Ukijumlisha hivyo viwili, ile tofauti ya kodi karibu nusu imeisha.

Wiki jana dada amenipigia usiku. Nikadhani ni mambo ya mama. Akaniuliza kama nimepata nafasi ya zile siti mbili, juu kwao kodi imepanda na Ijumaa wanahamia dabo rum, vyumba viwili tu, na zake mwenyewe hajui ataziweka wapi.