Mumeo Ni Raia wa Ulaya, Viza Bado Wanakudai

Ikikaribia Julai, watu wa huku Ulaya wanapopanga likizo, meseji zinaanza kumiminika kwenye simu yangu. Zinatoka kwa dada zetu walioolewa na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, na siku hizi kwa kaka zetu waliooa huku pia. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: mwenzangu ana pasipoti ya Ulaya, anaingia anakotaka, mimi nina ya Tanzania, au ya Kenya, au ya Uganda, tunataka kwenda pamoja Hispania au Ugiriki, nifanyeje? Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Jambo lenyewe linaniuma, kwa hiyo leo naliandika lote hapa.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni Mholanzi, na makazi yetu ni Berlin. Hilo la Mholanzi kuishi Ujerumani lishike vizuri, tutalirudia.

Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2004, Agizo namba 2004/38, inayohusu raia wake na familia zao. Inasema hivi: raia wa nchi mwanachama akienda nchi nyingine mwanachama, iwe kutembea au kuishi, mke au mume wake ana haki ya kwenda naye au kumfuata huko, hata kama anatoka nje ya Ulaya. Ikiwa uraia wake ni wa kudaiwa viza, atapewa viza. Ila viza hiyo ni ya bure, inatakiwa itoke upesi iwezekanavyo kwa utaratibu wa haraka, na ubalozi umeamriwa kumrahisishia kwa kila namna. Norwe, Iceland na Liechtenstein nazo zinaifuata sheria hiyo.

Soma tena hapo. Mwombaji wa kawaida wa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka baina yao, analipa yuro 90 tangu Juni 2024. Wewe hudaiwi hata senti. Mwombaji wa kawaida anaweza kunyimwa kwa kuwa akaunti yake ya benki ni nyembamba, au afisa ana shaka kwamba hatarudi kwao. Wewe huwezi kunyimwa kwa sababu hizo. Wanachoweza kukunyimia ni kuwa tishio kwa usalama au amani ya umma, au kwa afya ya umma, au kama wana ushahidi kwamba ndoa yenyewe ni ya kughushi. Ni haki, ndugu zangu, na imeandikwa.

Taabu inaanzia kaunta.

Kabla sijahamia Berlin, familia ya mume wangu ilikodi nyumba katika nchi moja ya kusini mwa Ulaya kwa ajili ya miaka sabini ya mama mkwe. Mume wangu alikuwa anatokea huku, mimi nilikuwa naombea viza nyumbani. Nilifika kwenye kituo cha kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi, na pasipoti yangu, cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti ya mume wangu na barua yake fupi aliyoisaini kwamba tutakuwa wote huko. Dada wa kaunta akanipa orodha ya watu wote: hati za mshahara, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hoteli iliyolipiwa, tiketi ya kurudi, bima ya safari. Akakichukua cheti cha ndoa, akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia. "Hiki siyo lazima, dada." Karatasi pekee iliyokuwa inabeba haki yangu ndiyo aliyoisukuma ikarudi kwangu chini ya kioo.

Akaenda kwenye fomu. Kuna visanduku nilivyoviacha wazi: kazi yangu, mwajiri wangu, hoteli au mtu aliyenialika, nani anagharamia safari. Akasema fomu haijakamilika. Fomu ya viza ya Schengen yenyewe ina alama ya nyota kwenye visanduku hivyo, na maelezo yaliyochapishwa kwamba wanafamilia wa raia wa Ulaya wanaotumia haki yao ya kusafiri hawatakiwi kuvijaza. Nikamwonyesha. Akamwita msimamizi wake, akaja akasoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari neno kwa neno, kisha akasema: "Sawa, lakini hapa tunajazaga."

Tulichofanya baadaye ni kuwaandikia ubalozi wenyewe, kwa sababu mwanafamilia wa raia wa Ulaya anatakiwa aruhusiwe kupeleka maombi yake ubalozini moja kwa moja, bila kupitia kampuni ya kati na bila kulipa ada ya huduma ya kampuni hiyo. Barua pepe zikaenda na kurudi. Viza ilitoka, na ilitoka bure kama sheria inavyosema, lakini sherehe ilikuwa imeshapita. Mama mkwe alinipigia simu kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ni mimi niliyekataa kuja. Watu wanaoandika kwamba hizi ni karatasi tu, na kwamba mwenye subira atapata, hawajawahi kupokea simu kama ile.

Tukahamia Berlin, na hapa ndipo ule Uholanzi wa mume wangu unapofanya kazi. Kwa kuwa yeye ni raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi katika nchi isiyo yake, Ujerumani inanihesabu mimi kama mwanafamilia chini ya lile Agizo la 2004. Kwa hiyo nilipewa kadi ya ukaazi ya mwanafamilia. Wajerumani wanaiita Aufenthaltskarte, na hutolewa kwa miaka mitano. Mbele yake imeandikwa kwamba mwenye kadi ni mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya, pamoja na namba ya kifungu, 10, na namba ya Agizo. Tangu Agosti 2021 nchi zote za Umoja zinatakiwa kuziandika kadi mpya namna hiyo, ili afisa wa nchi nyingine aweze kuzitambua.

Rafiki yangu mmoja, tunasali naye, ameolewa na Mjerumani na wanaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu. Kadi yake ukiitazama kwa haraka ni ndugu wa yangu, rangi na ukubwa vinakaribiana, lakini imetolewa kwa sheria ya Ujerumani yenyewe. Yeye kabla ya kuja alitakiwa kufaulu mtihani wa Kijerumani wa A1, ngazi ya mwanzo kabisa. Mimi hakuna aliyeniuliza kama najua hata kusalimia. Sababu ni moja tu: mume wake yuko kwao, na Agizo linamlinda raia aliyevuka mpaka, siyo aliyebaki nyumbani. Mjerumani aliyeoa Mtanzania, ndani ya Ujerumani, anamletea mkewe haki pungufu kuliko Mholanzi jirani yake. Nimelisema hili mbele ya Wajerumani wengi, na wengi hawakuamini kwamba nchi yao inawafanyia hivyo.

Kwa safari za ndani ya Schengen tofauti hiyo haionekani sana. Mwenye kibali cha kuishi cha nchi yoyote ya Schengen, pamoja na pasipoti hai, anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, hata akiwa peke yake. Rafiki yangu anakwenda Paris na Roma kama mimi. Tofauti inajitokeza mkielekea Ireland, ambayo imo ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haimo ndani ya Schengen. Ireland inaikubali kadi ya kifungu cha 10 badala ya viza, mradi nasafiri na mume wangu au namfuata. Kibali cha rafiki yangu haikikubali kwa namna hiyo. Yeye lazima aombe viza ya Ireland kwanza, ingawa nayo ni ya bure kwa kuwa mume wake hapo anakuwa amevuka mpaka. Wote wawili tukiuliza mtandaoni "nina kadi ya Ujerumani, naingia Dublin?" tutapata majibu yanayogongana, na kila jibu litakuwa la kweli kwa mtu mmoja.

Sasa na kadi yangu iliyo sahihi kabisa, bado nilizuiwa. Siyo na Waayalandi. Ni hapa, uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Mfanyakazi aliingiza "Tanzania" na "Ireland" kwenye kompyuta yake, skrini ikamjibu kwamba viza inahitajika, akaishia hapo. Mume wangu alimwomba ateremke chini kwenye ukurasa uleule, penye maelezo ya wanafamilia wa raia wa Ulaya. Yule kijana akawa anarudia, "Mama huyu hana viza ya Ireland." Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, watu wanatutazama kama tumeshikwa na kitu. Meneja alipokuja, akateremsha ukurasa, akasoma, akachapa vibali vyetu vya kupandia bila kusema neno, tukakimbia getini. Dublin afisa wa uhamiaji aliitazama kadi, akauliza, "Huyu ndiye mumeo?", akatukaribisha. Haikuchukua hata muda wa kufunga mkoba.

Kijana wa kaunta ninamwelewa anaogopa nini. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2001 inazitaka nchi ziyatoze mashirika ya usafiri faini ya maelfu ya yuro kwa kila abiria waliyemleta bila hati zinazotakiwa. Mtu akimwacha abiria mwenye haki, hakuna anayemkata mshahara. Akimpandisha asiye na hati, kuna faini. Lakini hata hili Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeshaligusa. Mwaka 2017 Ryanair ilimleta Budapest kutoka London abiria wa Ukraine, mwanafamilia wa raia wa Ulaya, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu iliyotolewa na Uingereza, wakati huo ikiwa bado ndani ya Umoja, polisi wa Hungaria wakalitoza shirika hilo faini kwa kuwa abiria hakuwa na viza. Juni 2020 Mahakama ikasema kadi ile ilitosha. Na miaka mingi kabla, Julai 2002, katika kesi iliyotoka Ubelgiji, iliamua kwamba mke au mume aliyefika mpakani bila viza hawezi kurudishwa kwa sababu hiyo peke yake, kama anaweza kuthibitisha yeye ni nani na kwamba wameoana, na si hatari kwa umma. Msiitegemee hiyo ya 2002 kama mpango wa safari, tafadhali. Mpakani utafikaje kama ndege imekuacha?

Kwa hiyo mimi husafiri na bahasha. Ndani yake mna cheti cha ndoa na tafsiri iliyopigwa muhuri na mtafsiri aliyeapishwa, nakala ya pasipoti ya mume wangu, na ukurasa mmoja wa lile Agizo wenye kifungu cha 5, kwa lugha ya nchi tunayokwenda. Agizo limechapishwa kwa karibu lugha zote rasmi za Umoja na linapatikana bure mtandaoni. Afisa wa Ugiriki ukimpa karatasi ya Kigiriki anaisoma. Ukimpa ya Kiingereza anakwambia subiri. Kifungu hicho kinasema pia kwamba ukionyesha kadi ya mwanafamilia hawatakiwi kukugongea muhuri kwenye pasipoti. Na pale uwanja wa ndege penye foleni ya raia wa Ulaya, simama na mumeo humohumo. Unaruhusiwa. Nimefukuzwa kwenye foleni hiyo na mtu wa kupanga watu, na nimerudi kusimama palepale.

Uingereza ni habari nyingine. Agizo lilikoma kutumika huko mwisho wa mwaka 2020, na kadi ya Ujerumani, yangu au ya rafiki yangu, haitufungulii mlango wa London. Hapo ni viza ya Uingereza na ada yake.

Wakikukataa, dai barua yenye sababu. Wanalazimika kukupa kwa maandishi na kukueleza pa kukata rufaa. Usikubali jibu la mdomo dirishani, na usiombe upya kwa kulipa kama mtalii ili yaishe. Ubalozi ukidai ada au hati usizopaswa kutoa, kuna SOLVIT, huduma ya bure ya nchi za Umoja wa Ulaya inayofuatilia ofisi za serikali zinapoitumia sheria ya Ulaya vibaya. Unaandika malalamiko mtandaoni, kituo cha nchi ya mwenzako kinawasiliana na cha nchi iliyokukwaza, na lengo lao ni kumaliza ndani ya wiki kumi. Wiki kumi ni nyingi mtu akiwa na tarehe ya safari, najua, kwa hiyo anza mapema, na hifadhi kila barua pepe.

Mliokwama sasa hivi, niandikieni mambo matatu: mwenzako ni raia wa nchi gani, mnaishi nchi gani, na mnakwenda nchi gani. Kama mna kadi, nakilini pia maneno yaliyo mbele yake herufi kwa herufi, lakini picha ya kadi yenyewe msinitumie.