Paka Akipotea, Anza Chini ya Tangi la Jirani

Kosa kubwa hufanyika ndani ya nusu saa ya kwanza. Nyumba nzima inamiminika nje, kila mmoja anaita kwa sauti yake, na mtaa wote unazungukwa. Paka wa ndani aliyechoropoka mara nyingi yuko nyumba mbili tatu tu kutoka mlango aliotokea, amejibanza, na hatajibu hata ukimwita kwa jina alilolizoea tangu udogoni. Si kiburi. Kwa paka mwenye hofu, kimya ndiyo kinga yake. Akilia amejitangaza kwa mbwa na kwa madume ya mtaa. Watu sita wakipiga kelele, anazidi kujikunja.

Basi tumia macho kuliko mdomo. Piga hodi kwa majirani wa pande zote, hata yule mliyepakana naye kwa nyuma, na usiishie kwenye "mkimwona mniambie". Omba ruhusa uangalie mwenyewe. Jirani atachungulia ua akiwa wima, na aliye wima hamwoni paka aliyejificha. Lala kifudifudi. Mulika chini ya tangi la maji, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, ndani ya kalavati, darini kama kuna ubao uliobanduka. Kwenye gari lililoegeshwa, gonga boneti kwanza. Stoo zilizofungwa zifunguliwe kweli, si kuhakikishiwa kwamba "humo hawezi kuingia": mlango ukiachwa wazi dakika mbili unatosha paka kuingia, kisha akafungiwa siku kadhaa.

Saa bora ya kutafuta ni kati ya saa nane na saa kumi usiku, mtaa ukiwa umelala. Tochi ishike kando ya shavu, usiishike kiunoni. Jicho la paka hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo taa ikikaa karibu na macho yako ndipo utaona vile vitone viwili vya kijani au manjano gizani. Ukiviona, usimwendee. Keti chini, weka sahani ya dagaa waliopashwa moto kidogo ili wanukie, na umpe muda. (Mlinzi wa mtaa aambiwe mapema. Mtu anayemulika nyua za watu saa nane usiku, mnajua wenyewe.)

Akigoma kutoka, azima mtego wa kisanduku, yaani kizimba cha wavu kinachojifunga paka akikanyaga kibati kilichomo. Baadhi ya madaktari wa mifugo wanao. Tandika gazeti sakafuni mwake, maana paka wengi hawapendi kukanyaga wavu, kisha weka chakula mwishoni kabisa, nyuma ya kile kibati cha kufyatulia. Kikiwekwa mbele, atakula akiwa nusu nje na kuondoka zake. Ukague mara kwa mara, usiuache juani, na akinaswa ufunike kwa khanga papo hapo ili atulie. Wapo wanaoshauri umwage nje mchanga wake wa choo ili afuate harufu. Siupendi ushauri huo: harufu hiyo huwaita pia madume wa jirani, na wao ndio wanaomzuia asirudi.

Mbwa ni habari nyingine. Akitishwa na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya au na radi, hukimbia moja kwa moja na anaweza kuvuka mitaa mingi. Hapo kijiwe cha bodaboda kina faida kuliko tochi, kwa sababu wao wako barabarani mchana kutwa. Ukimwona, usimkimbize; utamsukumia kwenye magari. Chuchumaa, mpe ubavu, usimkazie macho, rusha vipande vya nyama kimoja kimoja, kila kinachofuata kikianguka karibu nawe zaidi. Hata mbwa wako mwenyewe akiwa na hofu huuma. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Tangazo liwe na picha moja kubwa, neno AMEPOTEA, na namba ya simu inayosomeka kutoka juu ya pikipiki. Libandike dukani, buchani na kwa mama ntilie, na uwaonyeshe watoto wa mtaa. Kiasi cha zawadi usikitaje, kisije kikawafanya vijana wamfukuze mnyama kama kuku wa sikukuu. Alama moja ya mwilini usiitaje kwenye tangazo: anayedai amempata na kutaka utume hela kwanza, muulize alama hiyo.

Kuhusu kinga, kola peke yake inaokoa wengi, ikiwa namba ya simu imeandikwa juu yake. Kati ya kola na shingo vipite vidole viwili. Kwa paka chagua ile inayoachia yenyewe ikinasa tawini. Chipu ya chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, huwekwa katikati ya mabega na hubeba namba yenye tarakimu 15. Haionyeshi mnyama yuko wapi. Husomwa kwa mashine tu, na bila kusajiliwa pamoja na simu yako haisaidii kitu. Ukibadilisha laini, sahihisha usajili. Dume akihasiwa hupunguza sana kuzurura, na wavu wa mbu dirishani si kizuizi, paka huuchana kwa kucha.

Hatari zaidi ni wakati wa kuhama. Siku ya kubeba vitu, paka afungiwe bafuni tangu asubuhi, na kwenye nyumba mpya akae ndani wiki mbili hadi tatu. Akitoroka kabla ya hapo na nyumba ya zamani haiko mbali, nenda kule pia, umwachie mpangaji mpya namba yako na umwombe asimlishe kabla hujafika.