Tukutane Askari

Jumamosi nilikuwa na ahadi na dada pale kwenye sanamu ya Askari, katikati ya Dar, tukatafute viatu mtaa wa Samora. Kama kawaida yake, "niko Fire hapa nafika" (Fire ni kituo cha basi), maana yake hata kuoga bado. Jua la saa sita hilo. Nikajibanza kivulini nikawa napekua vile vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini, ila muuzaji akaanza kuniangalia vibaya maana nafungua tu sinunui, basi nikavuka nikaenda kwenye sanamu.

Yaani miaka yote hii sijawahi kusoma yale maandishi, Askari namjua kama kituo tu, shuka Posta tukutane Askari. Kumbe kuna Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, tena Kiswahili cha kizamani, kinawakumbuka hadi wapagazi, wale wabeba mizigo, wa vita ya 1914 mpaka 1918, eti walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo nikakwama. Maana juu kasimama askari peke yake na singe yake kaielekeza bandarini, mpagazi kapewa mstari tu. Nairobi, Kenyatta Avenue, mchongaji huyohuyo wa Askari wetu, Stevenson, aliweka watu watatu na mpagazi yumo.

Halafu huyu wetu ni wa 1927. Kabla yake kulikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini ya miguu yake askari Mwafrika anamtazama bosi. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, ikaja kuishia Hamburg, Ujerumani, huko nako wanafunzi wakamwangusha 1968. Kwa hiyo askari alipanda cheo, akatoka chini akaja juu. Mpagazi bado anasubiri.

Mtaa wenyewe nao umebadilishwa majina mpaka basi, Wajerumani waliuita kwa miti ya migunga, Waingereza wakasema Acacia Avenue, tukapata uhuru ukawa Independence, ndo ukaja kuwa Samora (wa Samora Machel wa Msumbiji, na chama chake cha ukombozi FRELIMO si kilizaliwa hapahapa Dar 1962). Baba mpaka leo anasema Independence, ukimwambia Samora anakuuliza ipi hiyo. Ila lile jengo la zamani la Salamander, la mtaa huohuo, analolisifia kila siku sikuwahi hata kulipiga picha, wameshalivunja.

Dada kafika saa saba na nusu, hata pole hakuna. Tumezunguka maduka sita, kapata jozi tatu, mi sijapata hata moja. Njiani namsimulia habari za wapagazi, ananisikiliza kabisa, anatikisa kichwa kwa huzuni, huku ananipa mifuko nimbebee.