Siku moja maishani mwangu: msanifu wa mifumo katika kampuni ya maji

Mimi ni msanifu wa mifumo katika kampuni inayosambaza maji kwenye kaunti mojawapo ya pwani ya Kenya. Wajibu wangu ni kuhakikisha kwamba kila programu, seva na kifaa tunachokinunua kinatumikia lengo ambalo kampuni imejiwekea, na kwamba mifumo yetu inapashana taarifa badala ya kila idara kujifungia na yake. Siku ninayoisimulia ni Jumanne ambayo ombi la kununua mita janja, yaani mita za maji zinazotuma usomaji zenyewe, lilikuwa limepangwa kujadiliwa na kamati ya usanifu.

Saa moja na nusu asubuhi

Nafungua mchoro ambao tumekuwa tukiujenga tangu bodi ilipopitisha mpango mkakati. Juu kabisa kuna malengo matatu: kupunguza maji yanayopotea bila kulipiwa, kuongeza saa za huduma katika maeneo ya mwinuko, na kulipa kwa wakati maji tunayoyanunua kwa jumla. Chini ya kila lengo zimeandikwa kazi zinazolitimiza. Chini ya kazi, taarifa zinazohitajika. Kisha programu zinazozihifadhi taarifa hizo. Na chini kabisa seva, mitandao na vifaa. Mstari unaoanzia kwenye kifaa hauna budi kupanda hadi kwenye lengo bila kukatika. Ukikatika njiani, nauliza kwa nini tunaendelea kukigharamia kifaa hicho. Lengo ambalo halifikiwi na mstari wowote nalo nalihoji, kwani maana yake ni kwamba limeandikwa kwenye mpango lakini hakuna anayeweza kulipima.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1987 John Zachman alichapisha katika jarida la IBM makala yaliyoeleza jinsi mifumo ya taarifa ya shirika inavyoweza kuchorwa kwa mitazamo tofauti, ya mwenye shirika, ya msanifu na ya mjenzi, bila mmoja kuufuta mwingine. Mwaka 1995 ikatoka TOGAF, mwongozo wa kusanifu mifumo ya mashirika, ambayo ilijengwa juu ya kazi iliyokuwa imefanywa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ambayo hadi leo inatunzwa na The Open Group, muungano wa mashirika unaoweka viwango vya teknolojia. Katika hatua zake, dira hutangulia, shughuli za shirika hufuata, kisha taarifa na programu, na teknolojia huja ya nne. Naushikilia mfuatano huo kwa moyo wote, kwa sababu katika ofisi nyingi mambo huenda kinyume: muuzaji huleta kifaa, kifaa kikatafutiwa kazi, na lengo likatafutwa siku ya kuandika ripoti.

Saa mbili na nusu

Meneja wa biashara ananikaribisha ofisini kwake. Ndiye aliyeandika ombi la mita janja kwa wateja wote, na ninataka kumsikiliza kabla ya kamati, kwa kuwa si haki mtu kuulizwa maswali mazito mbele ya wenzake bila kuandaliwa.

“Dada, wasoma mita hawafiki kila nyumba,” anasema. “Mageti yamefungwa, mbwa wameachiliwa, mteja anapata bili ya makadirio, kisha anakuja hapa kaunta amekasirika. Mita ikituma usomaji yenyewe, hayo yote yanakwisha.”

Hoja yake ina uzito, na ninamwambia hivyo. Kisha namuuliza ombi linatumikia lengo lipi. Anajibu bila kusita kwamba ni lile la upotevu. Namuuliza: upotevu upi?

Hapa inabidi nieleze kidogo. Tangu mwaka 2000, Chama cha Kimataifa cha Maji kimeweka mizania ya maji, yaani hesabu ya maji yanayoingia kwenye mabomba na yanakoishia, inayotumiwa na kampuni za maji sehemu nyingi duniani. Maji yasiyoleta mapato yamegawanywa humo katika mafungu matatu: maji yanayovuja kwenye mabomba na matangi, maji yanayomfikia mtumiaji lakini hayahesabiwi ipasavyo, ama kwa wizi, ama kwa mita zilizochoka, ama kwa makosa ya kushughulikia taarifa, na matumizi halali ambayo hayatozwi, kama vile ya kuzima moto na kusafisha mabomba. Mita janja hugusa sehemu tu ya fungu la pili. Haizibi bomba lililopasuka chini ya barabara, wala haiigundui nyumba iliyojiunganishia maji bila mita yoyote. Kwa hiyo kabla ya kutumia fedha za umma lazima tujue, eneo kwa eneo, ni fungu lipi linalotuumiza zaidi.

Mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, hulinganisha kampuni kwa kiwango cha upotevu, na asilimia hiyo ya kampuni nzima ndiyo inayosomwa kwenye magazeti. Lakini haimwelekezi fundi pa kuchimba. Tuseme mita kuu kwenye mlango wa eneo fulani imepitisha mita za ujazo 30,000 kwa mwezi, na bili za wateja wa eneo hilo zikajumlishwa kuwa mita za ujazo 18,000. Zilizobaki 12,000, yaani asilimia 40, ndizo za kutafutwa. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: wateja tuliowajumlisha wawe ndio hasa wanaopata maji kutoka bomba hilo. Meneja ananyamaza kidogo, halafu anasema, “Hapo sina uhakika.” Namshukuru kwa jibu hilo, maana ndilo linalonitoa ofisini.

Saa nne

Naandamana na msoma mita, mzee aliyeifanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko programu zetu zote. Njia yake ya leo inaanzia karibu na msikiti, inafuata upande mmoja wa barabara kuu, kisha inavuka na kumalizikia nyuma ya soko. Kwenye ramani ya kidijitali ya idara ya ufundi, barabara hiyo ndiyo mpaka wa maeneo mawili ya usambazaji. Upande wa msikiti hupata maji kutoka tangi la juu. Upande wa soko hupata kutoka bomba kuu lenyewe. Mfumo wa bili, hata hivyo, unaitambua njia hii kama kundi moja la wateja, kwa sababu ilipangwa kwa kuzingatia umbali ambao mtu anaweza kutembea kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyeulizwa habari za mabomba.

Kwenye nyumba moja mzee anapiga magoti, anapangusa kioo cha mita kwa kitambaa chenye unyevu, na kunionyesha namba iliyochongwa kwenye ukingo wa shaba. Haifanani na iliyo kwenye simu yake. Mita ya zamani iling’olewa, mpya ikafungwa, na programu ya usomaji bado inaijua ile ya kwanza.

“Hii mpya imesoma kidogo, ile ya zamani ilikuwa imefika mbali,” ananieleza. “Nikiandika usomaji wa kweli, simu inakataa, inasema umepungua. Basi nachagua makadirio, mwanangu. Hakuna pa kuandika kwamba mita imebadilishwa.”

Natazama orodha ya sababu kwenye skrini yake: geti limefungwa, mita haionekani, mita imeharibika, makadirio. Kweli, nafasi hiyo haipo. Bili ya makadirio ambayo meneja aliilaumu kwa mageti na mbwa, hapa imezaliwa mbele ya mita nzima inayosomeka vizuri. Mita janja ikifungwa kesho kwenye nyumba hii itatuma usomaji sahihi kwa akaunti inayotarajia namba nyingine, na mfumo wa bili utaukataa vilevile.

Saa saba mchana

Kabla ya kula napita karakana. Fundi mkuu ananifungulia faili la fomu za kubadilisha mita, kila moja na namba ya zamani, namba mpya, tarehe na sahihi. Kazi imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Kisichokuwepo ni mtu aliyepewa jukumu la kuzifikisha fomu hizo kwenye mfumo wa bili. Kila idara iliamini kwamba ni kazi ya nyingine.

Saa nane

Nakaa na mchambuzi wa taarifa tukalinganisha orodha tatu. Mfumo wa bili humtambua mteja kwa namba ya akaunti. Ramani humtambua kwa namba ya kiwanja. Karakana huitambua mita kwa namba ya kiwandani. Malipo ya M-Pesa hayana tatizo, kwani mteja huandika namba ya akaunti yake na fedha zikafika panapostahili; ndiyo maana upande wa mapato ulionekana mzima kwa muda mrefu, na hakuna aliyehisi haja ya kuuliza kama mteja huyo yumo kwenye eneo sahihi la ramani.

Hiki ndicho kiini cha kazi yangu, na ninasikitika kwamba ndicho kinachozungumzwa kwa nadra zaidi. Watu hudhani kuoanisha teknolojia na malengo ya shirika ni kuchagua programu bora. Katika uzoefu wangu, mstari kati ya lengo na kifaa hukatikia katikati, kwenye taarifa isiyo na mwenyewe. Lengo la kupunguza upotevu lina mkurugenzi anayelisimamia. Seva ina fundi wake. Lakini uhusiano wa mteja, mita na eneo la usambazaji hauna mtu anayewajibika unapokosewa. Tunaandika pendekezo: meneja wa biashara awe mwenye taarifa za akaunti, fundi mkuu wa karakana awe mwenye taarifa za mita, mhandisi wa mtandao awe mwenye mipaka ya maeneo, na mabadiliko ya mita yasihesabiwe kuwa yamekamilika hadi mifumo yote mitatu iwe na namba mpya.

Saa tisa na nusu

Kamati inakutana chini ya mkurugenzi mkuu. Naonyesha mchoro, kisha picha ya ukingo wa mita niliyoipiga asubuhi. Mhandisi wa mtandao anatoa pingamizi la maana: mhisani anayeweza kugharamia mita janja hatasubiri tukikamilisha usafishaji wa taarifa kwa mwaka mzima. Meneja wa biashara anamuunga mkono. Sioni sababu ya kubishana nao, kwa kuwa usanifu unaochelewesha kila kitu hautumikii lengo lolote, na akina mama wa maeneo ya mwinuko wanaoamka usiku wa manane kukinga maji hawawezi kuambiwa wangoje michoro yetu ikamilike.

Tunakubaliana kugawa kazi kwa hatua. Kwanza, mita kuu zifungwe kwenye milango ya maeneo, na njia za usomaji zipangwe upya zisivuke mipaka hiyo. Pili, mita janja zianze kwa wateja wakubwa, yaani hoteli, hospitali na viwanda, ambao ni wachache, wanajulikana mahali walipo, na kosa dogo kwenye mita zao ni maji mengi. Wateja wa majumbani wafuate eneo baada ya eneo, kadiri kila eneo linavyothibitishwa kwamba namba zake zinaoana.

Mwanasheria wa kampuni anaongeza jambo ambalo sikuwa nimelipa nafasi ya kutosha: mita inayotuma usomaji kila saa hufichua ni lini watu wako nyumbani na ni lini wamesafiri, hivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu moja kwa moja. Tunakubaliana kwamba usomaji wa kila saa uwe wa wateja wakubwa tu, na wa nyumba utumwe mara chache kadiri bili inavyohitaji.

Saa kumi na moja jioni

Naandika kumbukumbu ya uamuzi: tulichokiamua, sababu zake, njia tulizozikataa, na lengo la mpango mkakati linalotumikiwa. Afisa wa ununuzi anasubiri masharti ya zabuni, nami namtumia matatu. Usomaji wote ni mali ya kampuni na unapatikana wakati wowote bila malipo ya ziada kwa muuzaji. Mita ziweze kusomwa na programu ya mtengenezaji mwingine, ili tusifungwe na mmoja. Na hakuna malipo ya ufungaji wa mita yoyote hadi namba yake ionekane kwenye bili, kwenye ramani na kwenye kumbukumbu za karakana.

Msanidi wa programu ya usomaji naye nimemwandikia aongeze sababu ya “mita imebadilishwa” kwenye orodha, pamoja na nafasi ya kuandika namba mpya na kupiga picha yake. Amejibu kwamba itakuwa kwenye simu za wasoma mita kabla ya mzunguko ujao wa bili kuanza.