Maua ya jamii ya asteri pembeni ya msitu: namna nilivyoanza kuyatofautisha

Ukitoka Bukavu, ukapita Miti na kupanda hadi Tshivanga, kwenye mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, pembeni ya barabara pamejaa maua ya jamii hii ya asteri, ndiyo jamii ya alizeti. Rangi haikufikishi mbali. Ya njano ni mengi, meupe ni mengi, na ya zambarau ndiyo yanayosumbua zaidi.

Kilichonisaidia ni wembe. Nilichuma titonia, ile ya njano inayofanana na alizeti, nikaipasua kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Ndani hamna ua moja: kuna vimaua vingi vimebanana kama abiria wa basi la Kadutu, kila kimoja kina mahali pake. Hata yale tunayodhani ni petali za pembeni ni vimaua vilivyotoa ulimi mmoja mmoja.

Basi sasa naangalia ndimi kwanza. Galinsoga kwa kawaida ina 5, nyeupe, fupi, zenye meno 3 nchani. Kishonanguo hakina haja ya kuchunguzwa sana, utakikuta kwenye suruali: mbegu nyeusi nyembamba, zenye miiba 2 au 3 kichwani.

Kwa zambarau nilihitaji lupe, kile kioo cha kukuza. Agerato haina ndimi kabisa, ni nyuzi laini tu, na majani yake ya chini hutoka mawili mawili yakitazamana. Yanasagika vidoleni na kutoa harufu kali. Venonia nayo haina ndimi, lakini majani yake hutoka moja moja kwa zamu, na mbegu yake ina nywele nyingi juu.

Nikiwa nimechuchumaa kando ya shamba la maharage, mama mmoja akaniuliza:

– Papa, unatafuta dawa?

– Hapana mama, nataka kujua huu mti wa maua meupe.

– Si mubirizi huo! Tafuna jani, utaujua.

Nikatafuna. Uchungu wake haukutoka mdomoni hadi nilipofika nyumbani. (Mmea usioujua usiuonje, huu mama aliujua.) Mubirizi nao ni wa ukoo wa venonia, tena ni mwenyeji wa Afrika, wakati titonia, galinsoga, agerato na kishonanguo vyote asili yake ni Amerika.

Siku hizi napiga picha kutoka juu, chini ya ua kwenye vile vijani vinavyolikumbatia, na pale jani linaposhikana na shina. Picha ya juu peke yake huwa siihifadhi.